Midomo Tu

Nilimnyamazisha mwalimu wangu wa kwaya mbele ya watu ishirini na wanane, tena kwa heshima zote. Nilimwamkia kwanza. Nikamsogelea pale alipokuwa amesimama na wenzake wa besi, mkono wake wa kulia umelegea ubavuni, nikainama kidogo kama tunavyoinama kwa wakubwa, nikamwambia taratibu kwamba siku hiyo aimbe midomo tu. Ndivyo tunavyosema kwenye kwaya yetu. Maana yake fungua mdomo, fuata maneno, ila sauti usitoe. Akaniangalia, akaitikia kwa kichwa, na mazoezi yakaendelea.

Hapa Issuna ukisema Mwalimu watu hawakuulizi yupi, ingawa tuna shule yenye walimu wa vyeti na yeye hakuwahi kushika chaki maishani. Basi na mimi nitamwita hivyo hivyo. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, mtawauliza wengine. Mimi nataka mumjue mtu niliyemnyamazisha, halafu mniseme mtakavyo. Mwenyewe nimejisema sana na naona bado.

Alikuwa mrefu, mkavu, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu hata ule mwezi wa kumi ambao upepo wa kwetu hauachi jicho bila vumbi. Wakati kwaya inaanza hatukuwa na kinanda. Sauti ya kuanzia aliitoa kichwani mwake, akatugawia mmoja mmoja: wewe hapa, wewe hapa, nyie shukeni huku. Kinanda kilipokuja baadaye, vijana tulimtega. Tulimwacha atoe sauti, kisha mmoja anabonyeza, na kila mara kichwa na kinanda vilikubaliana. Tukachoka kumtega.

Mimi kazi yangu ni kwenye mashine ya kukamua alizeti, pale karibu na lami. Siku moja Mwalimu alileta magunia yake mawili, akasimama mlangoni na kuinamisha kichwa, akaniuliza kama mashine ina shida. Nikamwambia haina. Akasema leo inaimba chini kidogo ya ilivyoimba wiki iliyopita. Nikacheka, nikamwambia Mwalimu, hii haipo kwenye kwaya. Kabla ya jua kuzama mkanda ukakatika, na wateja sita wakarudi nyumbani na mbegu zao. Tangu siku hiyo nikimwona anakuja nilikuwa naikagua mashine kwanza.

Hakuwa mtu wa makelele. Wapo walimu wa kwaya wanaotukana, wapo wanaorusha madaftari. Yeye alikuwa na neno moja, rudia, na alilisema bila hasira yoyote. Hakusema nani kakosea wala wapi. Ungemsikia anasema rudia, na sote tungeanza kujichunguza, kila mtu na dhambi zake. Kuna Jumamosi watu watatu walikiri kwamba wao ndio walioteleza, kumbe aliyeteleza ni wa nne, na Mwalimu alikuwa anamjua tangu mwanzo. Mstari mmoja tuliweza kuurudia mpaka taa ikawashwa. Mama mmoja aliwahi kulalamika kwamba Mungu anapokea sauti zote, nzuri na mbaya. Mwalimu akamjibu kwamba ni kweli, Mungu ana rehema, lakini anayesimama karibu na waimbaji ni yeye, Mwalimu. Tulicheka, na tukarudia.

Wimbo kwake haukuwa mzuri wala mbaya. Ulikuwa umeiva au haujaiva. Ambao haujaiva haukuimbwa kanisani hata Mchungaji akiomba. Kwa hiyo kwaya yetu ilikuwa na sifa mkoa mzima na ilikuwa na nyimbo kumi na moja tu. Kwaya za jirani zilikuwa na sitini, na wakitutania walisema sisi tunaimba kumi na moja zile zile mpaka malaika wamezikariri.

Nilijiunga mwaka niliomaliza kidato cha nne na matokeo ambayo sipendi kuyazungumzia. Nyumbani walikuwa wanangoja mtoto wa kwenda chuo, wakaletewa mkamua mafuta. Nikasema basi walau niwe kitu kanisani. Mwalimu alinisikiliza mstari mmoja, akaniweka kwenye besi, akaniambia midomo tu. Nilikaa hivyo miezi minne. Kila Jumapili nasimama mstari wa nyuma na joho limepigwa pasi, nafungua mdomo mpaka masikio yanasogea, na hakuna kitu kinachotoka. Mama yangu, Mungu amrehemu, aliwaambia majirani kwamba anaitambua sauti yangu katikati ya sauti zote. Nikamwacha aamini.

Halafu Jumamosi moja Mwalimu alipita mbele yangu akasema, "Wewe, leo toa." Nikatoa. Akasema rudia. Nawaambieni, sijawahi kupewa kitu kikanifurahisha kama rudia ile, kwa sababu maana yake ilikuwa sasa nasikika. Nilirudi nyumbani naimba barabarani peke yangu. Ndiyo maana wakisema alikuwa mtu mgumu tu nawakatalia. Alikuwa anakufanya uone aibu ya kuwa mdogo kuliko unavyoweza kuwa, na mimi nilikuwa na njaa ya aibu hiyo.

Harusi yangu aliiharibu, kama nyumbani kwangu wanavyosema, au aliitengeneza, kama nilivyokuwa nasema mimi. Bibi harusi alikuwa ameingia na wasimamizi wake, ameshafika katikati ya kanisa, kwaya inaimba, na sauti ya tatu ikashuka. Kidogo sana. Hata mimi, mtu wa kwaya, niliyesimama mbele nikitoka jasho, sikuisikia. Mwalimu akaukata wimbo kwa mkono. Kanisa likanyamaza, bibi harusi akabaki mguu mmoja mbele, hajui aende au asimame. Wimbo ukaanza upya ubeti wa kwanza, na msimamizi wake, mama mwenye akili, akamshika kiwiko akamrudisha mlangoni ili waanze wote pamoja. Mke wangu mpaka leo anasema yeye aliingia kanisani mara mbili, na kwamba mara ya kwanza angekuwa na busara angeendelea kutoka.

Hiyo ni ya kucheka. Kuna nyingine si ya kucheka. Tulikuwa na mzee wa kanisa aliyekuwa anakaa nje wakati wa mazoezi anatusikiliza. Kulikuwa na wimbo Mwalimu aliutunga mwenyewe, unaanza na maneno "Tumefika mlangoni, utufungulie." Tuliufanyia mazoezi zaidi ya mwaka bila kuuimba kanisani. Yule mzee akaupenda, akasema siku yake ikifika tumwimbie huo. Siku yake ikafika. Familia wakaja kwa Mwalimu, wakamkumbusha. Mwalimu akasema haujaiva, sauti ya pili bado wanahema vibaya kwenye ubeti wa tatu. Tukamzika mzee kwa wimbo mwingine, mmoja wa zile kumi na moja, ukaimbwa safi kabisa, na mjane wake alikuwa anatutazama tu. Wiki iliyofuata Mwalimu hakuja mazoezini, wala iliyofuata. Aliporudi akatuanzisha ubeti wa tatu. Wimbo ukaiva miezi miwili baadaye, tukauimba Jumapili ya kawaida, na nakumbuka nilijisikia vibaya katikati ya kuimba vizuri.

Shambani kwake ilikuwa vile vile. Wenzake wakipanda alizeti kwa macho na kwa mguu, yeye alifunga kamba toka mpaka mmoja hadi mwingine, akipima nafasi kwa kijiti. Mvua za kwetu hazina subira. Watu wanamaliza, mvua inakuja inakwenda, yeye yuko mstari wa nane. Mavuno yake yalikuwa magunia mawili, wakati jirani mwenye mistari ya kilevi anabeba saba. Ila likichanua lile shamba, vijana walitoka hata Singida mjini na bodaboda kuja kupigia picha. Mama Mwalimu, mkewe, alikuwa akiwaona anawaambia wapige haraka maana picha hazisongwi ugali.

Lakini huyo huyo Mwalimu, siku ya watoto kuimba kanisani, alikaa benchi la mbele kabisa. Mnajua watoto wanavyoimba. Kila mmoja anapiga kelele zake, mmoja anawahi, mmoja analia, mmoja amesahau yupo wapi anapungia bibi yake. Mwalimu alikuwa anatabasamu machozi yakimlenga. Niliwahi kumuuliza kwa nini asiwafundishe mapema wakanyooka. Alisema waacheni, hao hawajaharibika. Nikadhani anatania. Nilikuwa kijana, na nilikuwa nimeshachagua ni Mwalimu yupi wa kumfuata kati ya wale wawili.

Maana yule wa rudia nilimfuata kweli. Mafuta nilianza kuyachuja mara tatu, wateja wamekaa kwenye madumu wanasonya, na mimi nafurahi kwamba ninayo yale yanayopitisha mwanga. Tajiri wangu akaniambia nitamfukuzia watu. Hilo si kubwa. Kubwa ni la Neema, binti yangu, alipokuwa darasa la pili. Aliniletea daftari nione mwandiko. Mistari ilikuwa inapanda. Nikachana ukurasa, nikamwambia rudia. Akaandika tena, nikachana. Mara ya tatu aliandika vizuri sana, herufi zimenyooka, na nilimsifu. Ilinichukua muhula mzima kugundua kwamba hajanionyesha tena daftari. Alikuwa anampelekea mama yake jikoni. Wala sisemi Mwalimu ndiye aliyenifundisha kuchana, hakuwahi kuchana kitu cha mtu. Hilo la kwangu mwenyewe.

Kiharusi kilimpata shambani, kamba mkononi. Walimkimbiza hospitali mjini, kisha akakaa kwa binti yake kule Mwankoko miezi mitano. Niliposikia nilikwenda mara mbili. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa, mguu unaburuta, na maneno yalikuwa yamemkimbia. Alikuwa anaelewa kila kitu. Ungemuuliza anataka nini, angejua, ungeona machoni anajua, halafu ulimi unatafuta neno maji unaleta kitu kingine au hauleti kitu. Mtu aliyetusahihisha sote miaka ishirini. Niliondoka pale mara ya pili nikajipa sababu za kutorudi mara ya tatu.

Mchungaji akaniomba nishike kwaya. Nikashika, wakaendelea kuniita Msaidizi, maana ndivyo nilivyokuwa kwa Mwalimu kabla hajaugua, na nilijifanya si neno. Nilitaka siku moja waniite lile jina lingine. Ndiyo maana ilipokuja nafasi ya kwenda kurekodi mjini, kwenye studio ambayo kwaya kubwa zote za huku zinapita, nilipagawa. Tukafanya mazoezi mara tatu kwa wiki. Watu waliacha mahindi kwenye jua wakaja. Nilijua watasema kwaya ya Mwalimu imeporomoka mikononi mwa mkamua mafuta, na nilikuwa nimeapa hawatasema.

Wiki mbili kabla ya studio, Mama Mwalimu akamleta. Alikuwa amemrudisha kijijini, na siku hiyo alimshika mkono kutoka nyumbani kwao mpaka kanisani, mwendo wa dakika kumi uliowachukua karibu saa nzima. Aliniita pembeni. Akanieleza kwamba muuguzi wa mazoezi kule hospitali amegundua jambo. Mzee akizungumza hawezi, lakini akiimba, maneno yanakuja. Siku moja redio iliimba na yeye akaimba nayo ubeti mzima, maneno yote, wakashangaa wodi nzima. Muuguzi akasema basi dawa yake ndiyo hiyo, mwacheni aimbe kila anapoweza, aimbe na watu, maneno yatafuata njia hiyo hiyo kurudi. "Mwanangu," akaniambia, "sina pengine pa kumpeleka zaidi ya kwako." Nikamwambia karibu sana, Mama, hapa ni kwake.

Akaenda kukaa nje na akina mama wenzake. Mwalimu akasimama kwenye besi, mahali nilipokuwa nasimama mimi ujana wangu. Tukaanza.

Maneno yalikuja kweli. Niliyasikia, moja moja, yamenyooka. Sauti ndiyo haikuja. Ilikuwa nzito, inakwaruza, iko chini ya wenzake kwa kiasi ambacho hata asiyejua muziki angegeuka, na ilikuwa kubwa, kwa sababu alikuwa anaimba kwa nguvu zake zote kama mtu anayevuta ndoo kisimani. Wale vijana wa besi wakaanza kumfuata yeye, wakashuka naye. Nikasimamisha. Tukarudia. Akashuka tena. Nikamtazama usoni na nikaona ana furaha. Sijui nawezaje kulisema hili. Niliiona ile furaha, niliijua ni ya nini, nikawaza studio. Hapo ndipo nilipomwendea, nikaamkia, nikainama.

Baada ya mazoezi Selina, wa sauti ya kwanza, ambaye yuko kwenye kwaya kabla yangu, alinisubiri mlangoni. Akaniuliza, "Msaidizi, angekuwa baba yako?" Nikamjibu kwamba hata Mwalimu mwenyewe angefanya vile vile. Nililisema haraka, maana nilikuwa nimeshaliandaa. Selina akachukua khanga yake akaenda zake.

Mwalimu alimaliza mazoezi yale hadi mwisho, midomo inakwenda sawasawa, mahali pa kuhema anafunga, mahali pa kufungua anafungua. Hakuja tena. Sisi tukaenda studio. Nyimbo zilitoka safi, fundi wa pale akasema kwaya za namna ile haoni. Tukapigwa video pia, tumepangwa juu ya mawe kando ya Ziwa Singidani, akina mama wamevaa njano, upepo unapeperusha vitambaa. Simu zikapigwa kutoka hata Manyoni. Na siku moja mtu fulani sokoni akaniita Mwalimu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mama Mwalimu alikuja kwenye mashine na debe moja la alizeti. Nilimwamkia, akaitika, akakaa kwenye benchi. Akasema mzee haimbi tena. Redio wakiwasha anaizima kwa mkono wa kushoto. Hata yale maneno machache yaliyokuwa yameanza kurudi, chai, njoo, asante, ameyaacha. Muuguzi amesema mambo haya yana wakati wake, sauti isipotumika sasa, itafika mahali haitarudi tena. Halafu akaniuliza, bila ubaya wowote, kama pale kwaya kuna kitu alifanyiwa. Maana alirudi amebadilika na yeye hawezi kusimulia.

Nikamwambia nadhani alichoka tu.

Nilimwambia hivyo mama wa watu, macho kwa macho, mikono yangu imejaa mafuta. Nikamkamulia alizeti yake, nikayachuja mafuta mara tatu, nikamkataza kulipa. Akanibariki. Wiki tatu nzima nilikuwa naamka na ile baraka kifuani, silali, sili, mke wangu ananiuliza kama nina malaria. Mwisho nikamsimulia. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia maneno machache: nenda, na usiende na soda. Aliona nilivyokuwa nimeanza kufikiria nibebe nini.

Nikaenda Jumapili baada ya ibada. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti kivulini mwa ukuta wa nyumba, ungo magotini, anachambua maharage kwa mkono wa kushoto. Kila punje anaigeuza. Mama Mwalimu akaniletea kigoda, akataka kwenda kuweka maji ya chai. Nikamwomba abaki, nikawaambia wote wawili. Nikasema nilichomwambia mumewe mbele ya watu, na kwa nini, na kwamba nilimdanganya yeye kule mashineni. Sikuweka kitambaa juu ya kitu chochote. Nikamaliza nikasema nisameheni.

Mama Mwalimu akageukia ukutani, akajifuta uso na khanga. Mwalimu ndiye aliyejibu. Aliweka punje aliyoishika, akainua mkono wake mzima, akagusa koo, kisha akakishusha kiganja taratibu kuelekea chini, ishara ile ile anayoielewa kila mwanakwaya: umeshuka, uko chini ya noti. Akajigusa kifua. Mimi nilikuwa chini. Halafu akanielekezea kidole na kuitikia kwa kichwa mara mbili. Alikuwa ananiambia nilifanya sawa.

Kama angenipiga ningeshukuru. Nilimwambia hapana, Mwalimu, nilikosea. Akatikisa kichwa. Nikamwambia arudi Jumamosi, aimbe anavyoimba, kwaya ni yake. Akatikisa kichwa na kurudi kwenye maharage yake, na nikaona kwamba mtu huyu hatanisamehe kwa sababu haoni kosa, na kwamba atakaa kimya mpaka kaburini kwa sababu hataki kutuharibia wimbo.

Nikaanza kuimba. Ule wake, "Tumefika mlangoni," besi tupu, kama alivyonifundisha. Akainua uso. Midomo yake ikaanza kwenda. Neno kwa neno, mahali pa kuhema anahema, hakuna hata pumzi inayosikika. Nyumbani kwake, mbele ya mkewe na kuku, hakuna anayerekodi, na mzee anaimba midomo tu. Mimi ndiye niliyemfanya hivyo. Kwenye mstari wa tatu machozi yakaja, na sauti yangu ikateleza vibaya sana.

Uso wake ukakunjamana. Kidogo tu, jicho la kushoto na kona ya mdomo. Naufahamu uso ule miaka ishirini. Ni uso wa mtu aliyesikia kitu na hawezi kukiacha.

Nikaanza tena ubeti wa kwanza, na safari hii nikateleza kwa makusudi. Nikaishusha noti mahali ambapo hata mtoto haishushi. Mkono wake ukaacha maharage. Nikaishusha nyingine, nikaivuta, nikakaa nayo huko chini bila haya. Akaugonga ungo kwa kidole, mara moja, mara mbili. Nikaendelea, nikaharibu na mahali pa kuhema. Nilikuwa naogopa na nilikuwa naona aibu, kumlaghai mtu mzima kwa kitu anachokipenda, lakini sikuacha. Punje zikamwagika kutoka kwenye ungo. Na Mwalimu, amenishika mkono wangu kwa nguvu, mishipa ya shingo imemtoka, akafungua kinywa kunionyesha inavyoimbwa.

"Utufungulie," akaimba. Neno zima, silabi zote sita, mtu ambaye miezi ile hakuweza kuomba maji. Ilikuwa sauti mbaya, ya kukwaruza, na ilikuwa mbali na noti kuliko yangu. Akaishia hapo, akanitazama, akingoja niifuate.

Mama Mwalimu alikuwa ameshika ukuta kwa mikono miwili. Nikavuta pumzi, nikaimba mstari ule ule, na nikaendelea kukosea.